Hofu Niliyoipa Kazi

Ushuhuda huu nautoa kwa mzazi mwenye kijana aliyefikisha umri wa kushika usukani, mzazi ambaye akisikia funguo za gari zikilia moyo wake unadunda. Nimepita huko. Mungu alinivusha, na alinivusha kwa mikono ya watu: mama mkwe wangu, shemeji yangu, mwalimu wa chuo cha udereva, na binti yangu mwenyewe. Nasimulia kwa sababu najua wapo wanaolala macho usiku wa leo kwa jambo hilihili, na wengi wao hawana wa kumwambia.

Mimi ni muuguzi, naishi Iringa mjini. Mume wangu alifia kwenye barabara kuu ya TANZAM, ile inayoanzia Dar es Salaam ikapita Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, mpakani na Zambia. Walikuwa wanarudi kutoka mazishini, yeye na wafanyakazi wenzake. Waliamka alfajiri, wakasafiri, wakazika, wakashinda juani, na jioni wakaona heri warudi ili kesho yake wawahi kazini. Usiku ukawakuta njiani. Ng'ambo ya mlima Kitonga palikuwa na lori lililoharibika likaachwa kwenye lami bila taa wala reflekta, bila hata yale matawi ya miti ambayo madereva wetu huyatandaza barabarani kumtahadharisha anayekuja. Gari lao liliingia chini ya tela. Mume wangu alikaa mbele, kiti cha abiria.

Msibani nilisikia maneno ambayo kila mfiwa wa ajali huyasikia: ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Waliyasema kwa upendo, nami kwa kipindi kile nilihitaji kila neno la upendo. Maombolezo yalipokwisha nilirudi kazini, na kazi yangu iko wodi ya majeruhi. Napokea vijana waliovunjika mfupa wa paja, wanaolala wiki kwa wiki mguu ukivutwa kwa uzito ili mfupa urudi mahali pake. Napokea walioumia kichwa, ambao mama zao hukaa pembeni ya kitanda wakiwaita kwa majina ya utotoni. Na kila ninapomuuliza aliyemleta majeruhi ilikuwaje, huwa ananitajia sababu. Dereva alisinzia. Aliovateki kwenye kona. Walikuwa wamekunywa. Walipakizana watatu kwenye bodaboda moja. Kofia ngumu ilikuwa imetundikwa kwenye mkono wa pikipiki badala ya kuwa kichwani. Shirika la Afya Duniani linasema takribani watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hizo ajali. Wengine huisoma takwimu hiyo kwenye gazeti. Mimi naijua kwa namba za vitanda.

Nyumbani kwetu gari la marehemu lilibaki uani chini ya turubai. Shemeji, mdogo wake marehemu, alikuwa akija mara kwa mara kuliwasha ili betri isife. Hatukuliuza, na wala hakuna aliyeliendesha. Mimi mwenyewe tangu ule msiba sikuweza kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Kwenye kosta nilikwenda kukaa nyuma kabisa, na safari nzima mkono wangu ulishika bomba la kiti hadi vidole vikafa ganzi.

Kifungua mimba wangu ni binti. Alipomaliza kidato cha sita alikuwa ametimiza miaka 18, umri ambao sheria yetu inaruhusu leseni ya gari. Jioni moja tukichambua mboga akasema, "Mama, nataka niende chuo cha udereva. Gari la baba lipo."

Nilimjibu kwamba tutaongea, na tangu jioni ile usingizi ulinikimbia. Nikifumba macho namwona kwenye machela, na mimi ndiye niliye zamu. Nikisikia breki zikilia barabarani naamka kuhakikisha yuko kitandani kwake. Kazini nikawa naangalia kwanza nyuso za wasichana wanaoletwa kabla sijaangalia majeraha yao. Nilisali, na katika sala nilikuwa naomba jambo moja tu: abadilishe mawazo. Hakubadilisha. Kila baada ya siku chache alinikumbusha kwa heshima, "Mama, ulisema tutaongea."

Alikuwa na hoja, na hoja yake haikuwa ya anasa. Bibi yake anaishi Ilula, ana presha, na usiku aliozidiwa tulimpata kwa shida mtu wa kumpeleka hospitali. "Siku ikitokea tena, au ukizidiwa wewe," aliniuliza, "nimpandishe mgonjwa kwenye bodaboda saa nane za usiku, na gari liko uani?" Sikuwa na jibu, na kukosa jibu hakukunipunguzia woga hata kidogo.

Mlango ulifunguliwa na mama mkwe. Alisikia habari zile, akaja mjini, akaita kikao cha familia: yeye, mimi, shemeji na binti. Tulipokwisha kula akaanza kusema, na alisema taratibu kama ilivyo desturi yake. "Mama," aliniambia, "mimi ndiye niliyemzaa yule tuliyemzika. Mwanangu hakuwa dereva siku ile. Alikaa kiti cha abiria, akaendeshwa na mtu aliyechoka. Sasa huyu mtoto ukimnyima usukani hujamtoa barabarani. Umempa mtu mwingine amwendeshe, na huyo mtu humjui amelala saa ngapi wala amekunywa nini."

Nililia, na hawakunizuia. Nilipotulia niliona kwamba amesema jambo ambalo wodi yangu ilikuwa ikilisema miaka yote. Wengi wa vijana ninaowapokea hawakuwa wameshika usukani wa gari. Walikuwa abiria wa bodaboda, abiria wa nyuma wa Noah, au watembea kwa miguu waliokuwa wakivuka. Barabara yetu haimsamehe mtu kwa kuwa hajui kuendesha. Binti yangu alikuwa barabarani tayari, kila siku, na woga wangu haukuwa umemkinga na lolote. Nilikuwa namwogopea bure, kwa maana ya kwamba hofu yangu ilinila mimi bila kumfaa yeye.

Usiku ule nikachukua kaunta buku jipya nililokuwa nimenunua kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto nikaandika sababu zote za ajali nilizowahi kuambiwa na majeruhi na ndugu zao. Upande wa kulia, mbele ya kila sababu, nikaandika nini kingeizuia. Usingizi: asiendeshe aliyechoka. Pombe: asiendeshe aliyekunywa, wala usipande gari lake. Lori lisilo na taa: usisafiri usiku, na ukilazimika punguza mwendo uweze kusimama ndani ya mwanga wa taa zako. Niliandika mpaka kurasa zikajaa, na nilipomaliza kusoma nilichoandika nikaona hakuna hata sababu moja ambayo upande wake wa kulia umebaki mtupu. Tangu siku ile sikuweza tena kukubali kwamba ajali haina kinga. Kinga zipo, zimeandikwa kwa damu za watu, na mimi kwa kazi yangu nilikuwa nimezisoma kwa muda mrefu. Kilichobaki kilikuwa kumfundisha mwanangu.

Kwenye kikao cha pili niliweka kaunta buku mezani. Nilimweleza binti jambo nililojifunza kwenye semina moja ya huduma za dharura: kwamba New Zealand, tangu mwaka 1987, kijana hapewi leseni kamili kwa mkupuo. Hupitia hatua ya katikati ambapo haruhusiwi kuendesha peke yake kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wala kupakia abiria ovyo asipokuwa na dereva mzoefu pembeni. Nchi nyingine, na majimbo ya Marekani, zimefuata njia hiyo kwa sababu moja inayoeleweka: dereva mpya anapata ajali zaidi miezi ya mwanzo baada ya leseni, na hatari huongezeka usiku na anapopakia vijana wenzake. Kwetu, ukifaulu mtihani unapewa leseni na siku hiyohiyo unaweza kuondoka Iringa kwenda Mbeya usiku, gari limejaa. Nikasema, ile hatua ya katikati tutaiweka sisi wenyewe, hapa nyumbani.

Masharti yangu yalikuwa haya. Mwaka wa kwanza haendeshi giza likiingia, isipokuwa kwa mgonjwa, na hapo baba yake mdogo awe pembeni. Habebi marafiki mpaka sisi tuseme yuko tayari. Gari haliondoki mpaka kila aliyemo amefunga mkanda, hata wa kiti cha nyuma, kwa sababu mkanda unapunguza hatari ya kufa karibu kwa nusu kwa wanaokaa mbele, na asiyefunga nyuma humrukia aliye mbele. Simu inakaa kwenye droo ya gari. Anayeongea na simu huku anaendesha hatari yake ya kupata ajali ni kama mara nne ya asiyeongea. Na sharti la mwisho lilikuwa juu yangu mimi: popote atakapokuwa, saa yoyote, akiona gari alilopanda au analotaka kupanda si salama, anipigie, nami nitatafuta namna ya kumtoa hapo bila kumgombeza.

Alisikiliza yote. Kisha akaomba kalamu. "Na mimi nina yangu, Mama," akasema, na akaandika kwa mwandiko wake chini ya wangu. La kwanza: nikiwa naendesha usipige kelele, ukiona hatari taja kitu ulichokiona, sema ng'ombe, sema mtoto, sema lori. La pili: usinipigie nikiwa njiani, nikifika nitakutumia ujumbe kabla sijashuka. Shemeji alicheka kwa furaha, akasema hayo mawili yangefaa yafundishwe kwenye vyuo. Tukatia saini wote wanne. Mama mkwe aliweka dole gumba.

Chuo tulikitafuta kwa makini. Tuliuliza kama kimesajiliwa, tukaangalia kama gari la kujifunzia lina alama ya L mbele na nyuma na kama upande wa mwalimu pana breki yake. Nilimwomba binti asiridhike na kuzungushwa mtaani siku chache kisha kuambiwa ameiva, maana kila mtu wa Iringa anajua namna hiyo ya kupata leseni, na wodi yangu inajua matokeo yake. Mwalimu aliyempata alikuwa mama wa makamo, mpole na asiyepokea uzembe. Kabla ya kugusa gari, darasani kwanza: vibao vya pembetatu vinavyoonya, vya duara vinavyoamuru, mstari mweupe usiokatika ambao hupaswi kuuvuka ili kumpita mwenzako, mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi, na kwamba kwenye kipilefti unampisha aliye kulia kwako. Jioni nilimsaidia kukariri, nikishika vibao vilivyochorwa kwenye karatasi. Ilinishangaza jinsi kujua kulivyoanza kunipa pumzi.

Shemeji alikuwa dereva wa semi, amepita Kitonga kwa miaka mingi, na kipande chake cha somo alikitoa uwanja wa mpira. Alimsimamisha binti kwenye mstari wa goli, akamwambia atembee hatua ndefu kumi na nne. "Gari likiwa kwenye hamsini," akamwambia, "hapo ulipofika ndipo linapofika kwa sekunde moja. Macho yameona mtoto, ubongo umesema simama, mguu bado haujagusa breki." Akamwongeza hatua mpaka ishirini na mbili: "Hii ni themanini." Akamwongeza mpaka ishirini na nane: "Hii ni mia. Na bado breki hujaikanyaga." Binti alisimama kule mbali akigeuka kututazama. Kuanzia siku hiyo sikuhitaji kumhubiria habari ya mwendo.

Mji wetu umekaa juu ya kilima, na barabara inayopanda kutoka Ipogolo ni shule tosha. Gari la marehemu ni la manyo, na kuondoka mlimani kwa gari la manyo kunahitaji mguu unaojua klachi inapong'ata na mkono unaoachia handibreki kwa wakati wake. Mwalimu wake alimpeleka pale siku nyingi. Nami nikaomba kwenda pamoja nao, nikakaa kiti cha nyuma, nikafunga mkanda, nikashika bomba la kiti kama kawaida yangu. Gari lilizimika, likarudi nyuma kidogo, bajaji iliyokuwa nyuma ikapiga honi. Moyo ulinipanda kooni, lakini nilikumbuka sharti, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Bajaji, nyuma, upande wa kulia." Akajibu, "Nimeiona." Akavuta handibreki, akawasha, akasikilizia klachi, gari likapanda. Neno hilo moja, nimeiona, lilinifungua kuliko maneno yote ya faraja niliyowahi kupewa. Nilikuwa nimedhani mimi peke yangu ndiye ninayeona hatari. Kumbe na yeye alikuwa anaona, na siku kwa siku alikuwa anaona mapema kuliko mimi.

Alifanya mtihani kwa askari wa usalama barabarani, akafaulu, akapata leseni yake ya daraja D kupitia Mamlaka ya Mapato. Nyumbani tulishukuru kwa sala. Baada ya hapo ndipo likaja jaribu lenyewe, maana sasa hakuna mwalimu pembeni wala breki ya pili. Asubuhi ya kwanza alipotoka peke yake kwenda sokoni, nilikaa na simu mapajani na sikuipiga. Nilipopata ujumbe wake, "Nimefika," nilipiga magoti palepale jikoni. Alipokuwa anatoka kwenda sehemu nyingine, ilikuwa vilevile, kisha ikawa nafuu kidogo, kisha nikaweza kuendelea kupika huku nikisubiri.

Jambo lililonithibitishia kwamba yale makubaliano yalikuwa yameingia ndani yake halikutokea kwenye gari letu. Alikwenda Mafinga kwenye sendofu ya rafiki yake, na alikwenda kwa gari la watu wengine. Usiku simu yangu ikalia. Nilipoona jina lake miguu iliniisha nguvu. Akasema, "Mama, niko salama. Dereva tuliyekuja naye amekunywa, na anasema turudi Iringa sasa hivi. Mimi na wenzangu wawili tumekataa. Naomba utuombee nafasi ya kulala kwa mama mdogo." Nilimpigia mdogo wangu anayeishi kule, akawafungulia mlango, akawatandikia. Asubuhi walirudi kwa kosta. Yule dereva alifika salama, na namshukuru Mungu kwa ajili yake na mama yake. Lakini kwa binti yangu nilijua kwamba uamuzi wa gizani, katikati ya muziki na marafiki wanaokuita mwoga, ni mgumu kuliko mlima wowote. Aliufanya. Nami sikumgombeza, kama nilivyosaini.

Safari tuliyoiogopa wote ilikuja baadaye. Bibi alihitaji kupelekwa Ruaha Mbuyuni kwa ndugu zake, na kutoka Ilula kwenda huko lazima ushuke Kitonga. Binti aliuliza kama aendeshe. Shemeji akasema, "Aendeshe, mchana, nami nitakuwepo." Mimi nikasema jambo ambalo sikuwahi kulisema tangu msiba: "Nitakaa mbele." Bibi na shemeji wakakaa nyuma.

Wanaoijua Kitonga wanajua: barabara imekatwa kwenye ubavu wa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanda na kushuka kwa kuhema. Kabla ya mteremko shemeji alimkumbusha sheria ya madereva wakongwe, kwamba giya unayoihitaji kupandia mlima ndiyo utakayoshukia. Anayeshuka akiwa ameachia giya ili kuokoa mafuta anaziachia breki kazi yote, breki zinapata moto, na zikipata moto zinakataa. Binti akarudisha giya mapema, injini ikazuia gari yenyewe, mguu wake ukigusa breki kidogo na kuachia. Lori la mbele likaenda polepole, na yeye akakaa nyuma yake kwa nafasi, bila kutaka kulipita. Mimi nilitaja nilichokiona: lori linapanda, utingo anatembea pembeni, jiwe. Yeye akajibu kila mara, nimeliona, nimemwona.

Tulipovuka mlima tukafika pale. Nilikuwa nimeapa kwamba siku nikipita pale macho yangu yatakuwa yamefumba. Hayakufumba. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa ndipo baba yako alipofia." Alishusha pumzi, mikono yake ikabaki imara kwenye usukani, akaangalia kioo cha nyuma. Akauliza, "Tusimame, Mama?" Nikasema, "Hapana. Hapa si mahali pa kusimamisha gari. Endelea mpaka utakapopata pa kutoka kabisa nje ya barabara." Akaendelea. Mbele palikuwa na uwanda mpana mbali na lami, akawasha indiketa, akatoka, akasimamisha gari, akavuta handibreki. Tulishuka, bibi akatuongoza katika sala, tukamlilia marehemu machozi ambayo kila mmoja alikuwa ameyalia peke yake. Kisha tukafunga mikanda tukaendelea na safari.

Kwenye buti la gari letu kuna jozi mbili za triango za kuakisi mwanga. Moja ni yetu. Nyingine tulinunua kwa ajili ya mtu yeyote tutakayemkuta gari lake limeharibika na hana cha kuwaonya wanaokuja. Binti ameshaigawa, tukanunua nyingine, na tutaendelea kununua. Hiyo ni njia yetu ya kumkumbuka baba yake.

Sitasema hofu imekwisha. Bado nasubiri ujumbe wa "Nimefika," na nadhani nitausubiri mpaka nizeeke. Tofauti ni kwamba sasa hofu ina kazi ya kufanya. Inaangalia upepo wa matairi kabla ya safari. Inauliza, umelala saa ngapi? Inamruhusu mtoto aseme "nimechoka, sitaendesha" bila kuonekana mlegevu. Nimekubali na mimi kufundishwa: nimeanza kujifunza kuendesha, na mwalimu wangu wa nyumbani ni binti yangu.

Mzazi mwenzangu, usimkatalie mwanao kwa woga ukadhani umemlinda, wala usimkabidhi funguo kwa furaha ukadhani umempenda. Kaa naye mezani. Andika unachokiogopa, kitu kimoja kimoja, na mbele yake andikeni pamoja mtakachofanya. Mwambie akupigie saa yoyote, na akipiga, timiza ahadi yako. Tafuta mwalimu asiyeuza haraka. Panda gari lake, kaa mbele, taja unachokiona. Mwonyeshe kwa mwendo wako mwenyewe kwamba mkanda unafungwa na simu inawekwa mbali, maana amekuwa akikutazama unavyosafiri tangu yuko mgongoni.

Na siku ukiambiwa tena msibani kwamba ajali haina kinga, mshike mkono mfiwa, ulie pamoja naye. Kisha rudi nyumbani ukawafundishe watoto wako kinga zilizopo, kwa sababu zipo, zinafahamika, na nyingi ziko ndani ya uwezo wa familia yoyote. Namshukuru Mungu aliyenionyesha hilo wakati binti yangu bado ananisikiliza. Anza na wako leo, kabla hajaomba funguo.